Kusimika seva kwa maandishi: niliyojifunza kwenye chumba cha seva Mtwara

Fulani akipanda basi la Dar usiku huu na simu yake ikazimika, nani ataisimamisha seva ikianguka kesho asubuhi? Swali hilo lilininyima raha kwa muda mrefu. Mimi ni ofisa TEHAMA hapa Mtwara, kwenye taasisi inayotunza kumbukumbu za mizani, stakabadhi na malipo za vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS kama tunavyoviita wote. Chumba chetu cha seva kiko Shangani, karibu na bahari kuliko ambavyo ningependa. Minada ya korosho ikianza Oktoba, karani wa Nanyamba, wa Newala, wa Tandahimba, wote wanaingia kwenye mfumo saa zile zile za asubuhi, na mbele ya kila karani kuna foleni ya watu waliopeleka mzigo ghalani na wanataka kujua pesa imeingia au bado. Mfumo ukigoma hapo, hao ndio wanaoumia kwanza.

Kwa asiyezoea mambo haya, ndani ya chumba chetu kuna seva mama tatu tu, mashine za chuma zenye kumbukumbu kubwa na diski nyingi. Kwenye kila seva mama kuna programu iitwayo hipavaiza, nayo inaigawa ile mashine moja kuwa mashine pepe nyingi, kila moja ikijiona ina prosesa yake, diski yake na anwani yake ya mtandaoni (IP). Mfumo wa malipo una mashine pepe zake, hifadhidata ina zake, barua pepe ina yake. Ukihitaji mashine mpya unaipata kwa dakika chache bila kununua chuma. Matokeo yake zinaongezeka upesi kuliko mtu anavyoweza kuzikumbuka.

Zamani aliyezikumbuka zote alikuwa mzee mmoja, fundi wetu wa kwanza, ambaye sasa amestaafu na anaishi Mikindani. Alizisimika kwa mkono, moja baada ya nyingine, na kila moja aliishughulikia kivyake. Hii aliiongezea kumbukumbu, ile aliibadilishia mlango wa mawasiliano, nyingine aliiwekea skripti ya kuhamisha mafaili usiku. Alipostaafu tukawa tunampigia simu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Imegoma ipi?”

“Ile ya ripoti. Ilizimika umeme ulipokatika, sasa imewaka lakini haioni diski ya pili.”

“Hiyo... kuna mstari niliuweka, nikautoa, nikaurudisha. Hebu nisomee faili la fstab lote, polepole.”

Nikamsomea faili hilo, lenye orodha ya diski ambazo mashine inaziunganisha ikiwaka, mstari kwa mstari, nasikia wajukuu wake wakicheza nyuma yake. Akaukumbuka, mashine ikarudi kazini. Nilipokata simu niliona wazi kwamba malipo ya wakulima wa wilaya kadhaa yalikuwa yanategemea kumbukumbu ya mtu mmoja na chaji ya simu yake. Simlaumu hata kidogo. Alikijenga chumba kile wakati hakuna mwingine aliyekitaka. Kilichokosekana ni maandishi, tena maandishi ambayo kompyuta yenyewe inaweza kuyasoma na kuyatekeleza.

Tulichagua Ansible, programu ya kusimika na kusimamia mashine kwa maandishi. Haihitaji kusimika programu yake kwenye mashine unayoisimamia. Ikiwa mashine inafikika kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao, na ina Python, lugha ya programu, inatosha. Unaandika faili la maelekezo kwa mtindo mwepesi uitwao YAML, unataja mashine zinazohusika, na programu inaingia kwenye kila moja kuhakikisha hali uliyoitaja ipo. Huandiki “ongeza mstari huu.” Unaandika kwamba mstari huu uwepo. Kama tayari upo, programu haiugusi. Ukiliendesha faili lile lile mara ya pili, kila kazi inajibu kwamba mambo yako sawa na hakuna kilichobadilika. Skripti zetu za zamani hazikuwa hivyo. Ukiziendesha mara mbili zinaongeza mstari mara mbili, na baada ya hapo kila mtu anaogopa kuzigusa.

Kabla ya kuandika chochote kikubwa tulimwomba mzee aje ofisini. Tulimkalisha kwenye meza yake ya zamani, tukafungua mashine moja moja. Hilo ni jambo ambalo ningemshauri kila mwenye chumba cha seva alifanye mapema, kabla aliyekijenga hajahama au kuzeeka. Kompyuta itakuambia kwamba mlango wa mawasiliano ni 8081 na si 8080. Haitakuambia kwamba uliwekwa hivyo kwa sababu mzani wa kielektroniki wa ghala fulani ulikuja na namba hiyo kiwandani na haibadilishiki. Mzee alikuwa na sababu ya kila kitu. Sababu hizo tuliziandika ndani ya mafaili yenyewe, juu ya mstari unaohusika, ili anayetaka kuufuta asome kwanza kwa nini uliwekwa. Mistari mingine, alipoulizwa, alicheka akasema hiyo itoeni tu, kifaa chake kilishakufa.

Faili la kwanza kabisa kuendeshwa lilikuwa la saa. Wenzangu walitegemea nianze na mfumo wa malipo, lakini huwezi kutafuta hitilafu kwenye mashine ambazo saa zao hazipatani. Karani anasema malipo yaligoma saa nne na dakika kumi. Logi ya mfumo, yaani orodha ya matukio yake, inaonyesha kosa saa nne na dakika saba, na logi ya hifadhidata inaonyesha mawasiliano yalikatika saa nne na dakika kumi na mbili. Kipi kilitangulia? Kama saa zimepishana kwa dakika tano, huna jibu, na lawama itaangukia mtandao bila ushahidi. Tukasimika chrony, programu ya kupatanisha saa, kwenye mashine zote, zikawa zinasoma saa kutoka seva moja ya ndani, na seva hiyo peke yake ndiyo inayosoma kutoka nje. Faili lililofuata likazielekeza logi zote kwenye mashine moja. Ni mafaili mafupi yote mawili, na bado naamini yametusaidia kuliko kifaa chochote tulichowahi kununua.

Hitilafu iliyonifundisha zaidi ilitokana na kiolezo. Kiolezo ni mashine pepe iliyokwisha kuandaliwa, ambayo unainakili kila unapotaka mpya. Tulikuwa tumerithi kimoja cha mfumo endeshi wa Ubuntu, na kabla ya msimu mmoja tukakinakili kupata mashine mbili za kupokea taarifa za mizani. Zote mbili zikawaka vizuri. Haukupita muda simu zikaanza.

“Dada, inaingia halafu inatoka,” karani wa Newala alinieleza. “Nikisubiri inaingia tena. Hapa ofisini wanasema ni laini yetu.”

Nikipima kwa ping, amri ya kuuliza mashine kama ipo hewani, naona majibu, halafu kimya, halafu majibu tena. Dalili za namna hiyo zinavuta akili kwenye kebo, kwenye swichi, kwenye mnara wa simu. Kebo ikabadilishwa, mlango wa swichi ukahamishwa, hali ikabaki ile ile. Kilichotufungua macho ni arping, amri ndogo inayouliza kwenye mtandao wa ndani: nani mwenye anwani hii? Zikajibu kadi mbili tofauti za mtandao, kila moja na namba yake ya utambulisho, MAC. Anwani moja ya IP, wenyewe wawili.

Sasa, mashine zile zilikuwa zinapata anwani kutoka kwenye seva ya DHCP, ambayo kazi yake ni kugawa anwani za IP, na DHCP haigawi anwani moja kwa wateja wawili. Kwa jinsi yenyewe ilivyoona, haikuwa imegawa kwa wawili. Kwenye Ubuntu, kuanzia toleo la 18.04, seva inapoomba anwani kupitia systemd-networkd, sehemu ya mfumo inayosimamia mtandao, haijitambulishi kwa namba ya kadi yake. Inajitambulisha kwa kitambulisho kinachotokana na faili la /etc/machine-id, na faili hilo huandikwa mashine inapowaka kwa mara ya kwanza. Kiolezo chetu kilikuwa kimewashwa kabla ya kugeuzwa kiolezo, kwa hiyo kila nakala ilizaliwa na kitambulisho kile kile. DHCP iliona mteja mmoja anayebisha hodi mara mbili, ikampa anwani yake. Tulifungua faili hilo kwenye mashine zote mbili, tukaweka madirisha ubavu kwa ubavu: herufi na tarakimu 32, hakuna hata moja iliyotofautiana. Kijana tuliyekuwa naye alizisoma kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole upande wa pili, mpaka mwisho.

Dawa yake ni kulimwaga faili hilo likabaki tupu kabla ya kukifunga kiolezo, na kila nakala itajiandikia kitambulisho chake ikiwaka. Funguo za SSH za mashine nazo zifutwe, maana zilikuwa zinafanana kwenye nakala zote, na hilo ni jambo la usalama. Zamani tungeyaandika haya kwenye daftari la chumba. Safari hii tuliyaweka kama kazi ndani ya faili linalotengeneza kiolezo, tukaongeza ukaguzi unaopita kwenye mashine zote usiku, kukusanya vitambulisho na kututumia ujumbe viwili vikifanana. Hitilafu ile haijarudi. Hata mtu ambaye hakuwepo siku ile hawezi kuirudisha kwa bahati mbaya, na hilo ndilo ninalolithamini zaidi.

Baada ya mkasa huo nilianza kuiona kazi ya kutafuta hitilafu kwa jicho jingine. Sehemu kubwa yake ni kulinganisha: mashine ilitakiwa iweje, na sasa ikoje? Mtunza ghala mwenye stakabadhi mkononi anahesabu magunia na pengo linaonekana papo hapo, na asiye nayo anabaki kukadiria. Mafaili ya Ansible ndiyo stakabadhi za seva zetu. Ukiyaendesha kwa kuongeza --check na --diff, hayabadilishi kitu chochote. Yanakuonyesha tu kila mstari ambao kwenye mashine ni tofauti na ulivyoandikwa. Siku hizi nikiitwa kwenye tatizo hiyo ndiyo amri yangu ya kwanza, hata kabla ya kufungua logi.

Asubuhi moja ya mnada hifadhidata ilianza kuwakataa wateja wapya. Tunatumia PostgreSQL, ambayo ikiachwa ilivyo huruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na sisi tulishaipandisha kulingana na wingi wa karani. Ofisini kila mtu alikuwa na nadharia yake: kuna wanaotuvamia, kuna kirusi, seva imezeeka. Amri ile ikatoa mstari mmoja tu: kwenye maandishi namba yetu, kwenye mashine 100. Usiku wa jana yake hifadhidata ilisasishwa, na faili la mipangilio likabadilishwa na lile linalokuja na programu. Tukaliendesha faili letu kikweli, tukaizima na kuiwasha hifadhidata, maana badiliko hilo halishiki mpaka iwashwe upya, na karani wakaendelea. Baadaye tuliweka programu ya PgBouncer mbele yake ili miunganisho ipokelewe na kugawanwa vizuri, kwa sababu kila muunganisho unakula kumbukumbu na huwezi kupandisha namba kila mwaka ukategemea seva ivumilie.

Mei 2024 ndiyo iliyotupima kweli. Kimbunga Hidaya kilifika pwani mwanzoni mwa mwezi ule, mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, na magari yakakwama. Tarehe 12 ya mwezi huo huo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikapata hitilafu, na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua. Nasi katikati ya hayo tukafiwa na diski ya mfumo ya seva mama mojawapo, huku vifaa vya akiba vikiwa Dar, upande wa pili wa maji.

Mashine pepe zilizokuwa juu yake tulizirudisha kutoka kwenye bakapu, zikasimama kwenye seva mama mbili zilizobaki. Zilibanana lakini zilifanya kazi. Kwa ile iliyokufa tulichomoa diski kwenye mashine ya majaribio, tukasimika Proxmox, hipavaiza tunayoitumia, kutoka kwenye flashi, na kuanzia hapo Ansible ikachukua kazi: kadi za mtandao, hifadhi, watumiaji, saa, logi, ulinzi. Vifurushi vya Ubuntu na vya Proxmox vilikuwa kwenye ghala letu la ndani, nakala tunayoisawazisha usiku wakati laini iko huru, kwa hiyo hapo hatukukwama. Tulipokwama ni kwenye vitu vidogo, programu ya ufuatiliaji na maktaba chache za Python, ambazo maelekezo yake yalikuwa yanazifuata nje ya nchi kila mashine mpya inaposimikwa. Skrini inakaa kimya, muda unaisha, kazi inaandika imeshindikana. Mwenzangu aliyekuwa akiangalia alisema, “Hivi hii mashine ya Mtwara inaomba ruhusa Ulaya ndiyo iwake?”

Swali lake likawa sheria yetu. Kila kinachohitajika kusimika mashine kiwe ndani ya chumba. Kabla ya kila msimu tunachomoa kebo ya nje kwa makusudi, kisha tunasimika mashine mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Faili linaloshindwa hapo halijakamilika, hata kama limekuwa likifanya kazi mwaka mzima. Watu wa miji yenye laini nyingi wanaweza kuona tunajisumbua. Huku kusini, penye barabara kuu moja ya kwenda Dar na laini unazozihesabu kwa vidole, kuweka nakala ndani ni sehemu ya kusimika kwenyewe. Proxmox toleo la 8.2, lililotoka Aprili 2024, lilileta uwezo wa kuisimika hipavaiza yenyewe kwa faili la majibu, bila mtu kukaa mbele ya skrini akibonyeza. Baadaye tulilitumia, na sasa hata seva mama inazaliwa kutokana na maandishi.

Jambo dogo kwa wenzetu wa Lindi na kwingine walio na seva mama mbili tu kwenye klasta, yaani kundi la seva zilizounganishwa zifanye kazi pamoja. Klasta ya Proxmox inaamua kwa kura, na inataka zaidi ya nusu. Mbili zikiwa zote hai, kura ni mbili kati ya mbili. Moja ikifa, iliyobaki ina kura moja, haifikishi wingi, na itakataa kuwasha mashine pepe ingawa yenyewe ni nzima. Inafanya hivyo ili pande mbili zisizoonana zisije zikaandika kwenye data ile ile. Wekeni kifaa kidogo cha tatu cha kupiga kura, hata kompyuta ndogo ya mezani inatosha kwa kazi hiyo. Sisi siku ya diski tulikuwa na tatu, mbili zikabaki, kura zikatosha.

Kuna kazi ambazo mpaka leo sikubali zijiendeshe zenyewe, na ya kwanza ni kufuta. Nitaeleza kwa nini. Diski za mashine pepe zetu zimegawiwa kwa njia inayoruhusu kuahidi nafasi kubwa kuliko iliyopo, kwa matumaini kwamba hazitajaa zote kwa wakati mmoja. Kabla ya kusasisha mfumo tunapiga snapshoti, alama ya hali ya mashine ambayo unaweza kuirudia mambo yakiharibika. Snapshoti ikisahaulika inaendelea kula nafasi kadiri mashine inavyoandika. Hifadhi ikijaa kabisa, mashine pepe zote zilizo juu yake zinaganda papo hapo, na kwenye ukurasa wa Proxmox unaona alama ya njano na maneno ya kosa la kusoma na kuandika. Zinaonekana zimewaka, lakini haziandiki hata herufi.

Hilo lilipotokea, wazo la haraka lilikuwa kuandika kazi ya kufuta kila snapshoti iliyopitiliza siku fulani. Nililipinga, na ningelipinga leo. Skripti haijui kwamba ile ya wiki mbili zilizopita imeachwa makusudi na mhasibu anayefunga hesabu. Tulichofanya ni kuipa kila snapshoti tarehe ya mwisho na cheo cha mwenye nayo ndani ya jina lake, na kuweka kazi inayopima hifadhi usiku na mchana. Ikifika asilimia 80, ujumbe unakuja kwenye simu zetu ukiwa na orodha: hizi zimepita tarehe, mwenye nazo ni huyu, zinakula nafasi hii. Mtu anasoma, anauliza, kisha anaruhusu. Kompyuta ifanye kazi ya kuona, kwa kuwa yenyewe haichoki kuangalia. Lakini kitu kisichorudi kikishafutwa, naomba kiwe na binadamu anayejibu.

Umeme nao tumeuandikia utaratibu. Ukikatika na jenereta ikachelewa, UPS, betri yetu ya akiba, inapeleka taarifa kwa programu ya NUT, na mashine zinaanza kuzimwa kwa zamu: kwanza mfumo wanaoutumia karani, kisha hifadhidata, mwisho seva mama zenyewe. Umeme ukirudi zinawaka kinyume chake. Kabla ya hapo hifadhidata ilikuwa inaweza kuzimika katikati ya kuandika, na tukaamkia kazi ya kuikarabati. Siku hizi ukifika asubuhi unakuta kila kitu kimewaka, na ujumbe unakueleza kilizimika saa ngapi.

Ila chumvi haina faili. Upepo wa bahari hapa Shangani unaingia hata pale unapodhani pameziba, na miguu ya kadi za kumbukumbu inashika kutu ya kijani mapema. Kipimajoto kimewekwa mbele ya rafu, tunalinda hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzijoto 18 na 27, na kiyoyozi kikilegea tunajua upesi. Lakini kufungua seva, kupiga brashi, kubana kebo, kunusa kama kuna kitu kinachoungua, hiyo ni mikono na pua. Mashine ikileta makosa ya kumbukumbu yasiyo na mpangilio, na maandishi yote yakaonyesha sawa, nachukua bisibisi.

Kitu kimoja ambacho hatukukipanga kiwe muhimu ni lugha. Ansible inakuruhusu kuipa kila kazi jina lolote, na jina hilo ndilo linalotokea kwenye skrini kazi inapoendeshwa. Tulianza kuyaandika kwa Kiswahili, kwa wepesi tu wa mdomoni. “Hakikisha saa inasomwa kutoka seva ya ndani.” “Mwaga machine-id kabla ya kufunga kiolezo.” “Ruhusu mizani ya maghala pekee kwenye mlango 8081.” Alipokuja binti wa chuo kufanya mafunzo kwa vitendo, nilimkuta amekaa mbele ya skrini, faili linaendeshwa, anasoma mistari ikipita kama mtu anayesoma taarifa. Mmoja ukawa mwekundu. Hakuniita kwanza. Alifungua faili, akatafuta jina lile lile, akasoma sababu iliyoandikwa juu yake, ndipo akaja: “Dada, mzani wa hili ghala umebadilishwa? Maana hapa imeandikwa ulikuwa na namba yake, na sasa haijibu.” Ulikuwa umebadilishwa kweli, na sisi hatukuwa tumeambiwa. Mimi ilinichukua miaka kufika mahali pa kuuliza swali kama lile.

Mwaka huo nilikwenda likizo Nachingwea msimu ukiwa unaanza, jambo ambalo zamani lisingewezekana. Mashine mpya ya ripoti ilisimikwa nikiwa sipo, na wawili waliobaki ofisini. Siri zote zimefungwa kwa Ansible Vault ndani ya mafaili hayo hayo, na nywila ya kuzifungua iko kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya uhasibu. Anayeichukua anasaini pamoja na shahidi. Nilipigiwa simu siku ile, ila ilikuwa ya kuulizwa kama korosho za kwetu zimeshaanza kuvunwa.

Kilichobaki nje ya maandishi ni swichi za mtandao. Mbili ni za zamani mno, hazina njia nzuri ya kusimamiwa na Ansible, kwa hiyo kwa sasa tunaingia usiku kwa skripti, tunachukua nakala ya mipangilio yake na kuilinganisha na ya jana yake. Tukiona tofauti tunajua kuna aliyegusa. Kuisimika upya ikifa bado ni kazi ya mkono, mlango kwa mlango, na ni milango 48. Bajeti ya kuzibadilisha imepitishwa, na tumekubaliana na uongozi kwamba mpya hazitafungwa kwenye rafu mpaka faili lake liwe limeandikwa, limejaribiwa kebo ya nje ikiwa imechomolewa, na limeendeshwa na mtu ambaye si mimi.